Kwa nini vichekesho vya zamani vilinoga tulipovitazama pamoja

MTU aliyekulia Mombasa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akitajiwa Vitimbi au Vioja Mahakamani, aghalabu hutabasamu kabla ya kusema lolote. Lakini akiulizwa ni kisa gani hasa kilichomchekesha, huenda asikumbuke hata kimoja. Atakachokumbuka ni nani aliketi wapi, nani alicheka hadi akakohoa, na nani aliyekuwa akimfafanulia nyanya mambo yanavyokwenda.

Kumbukumbu hiyo ina sababu. Vichekesho vile vilikuwa vizuri, lakini vilifanywa kuwa vizuri zaidi na watu waliokuwa chumbani, na hasa na yule mmoja wao aliyejitwika kazi ya kueleza. Leo, vipindi vingi vya enzi hizo vinapatikana tena kwa kubonyeza simu. Kinachopungua ni waelezaji.

Kituo kimoja, mtaa mzima

Matangazo ya televisheni yalianza nchini Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, au VoK kama lilivyojulikana na wengi. Mwaka 1970 kituo cha televisheni kilifunguliwa Mombasa, na wakazi wa Pwani wakaanza kuona picha ambazo awali walizisikia tu zikisimuliwa na waliotoka Nairobi. Jina la KBC lilirejea mwaka 1989. Hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo yake jijini Nairobi mwaka 1990, Mkenya alikuwa na kituo kimoja tu cha kutazama.

Hali hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko tunavyodhani. Familia haikuwa na la kuchagua, hivyo haikugombana. Mzee, kijana na mtoto walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na asubuhi yake sokoni, shuleni na kwenye matatu watu walizungumzia kisa kile kile.

Upande wetu wa Nyali, tofauti za kimaisha zilionekana hata juu ya mapaa. Kwa miongo mingi kisiwa cha Mombasa na bara hii ya kaskazini viliunganishwa na daraja lililoelea juu ya maji, lililofunguliwa mwaka 1931. Daraja jipya lilipokamilika mwaka 1980, watu walimiminika ng'ambo hii. Nyali yenyewe ilikuwa ya majumba yenye nyua na walinzi, ilhali Kongowea, Maweni, Mkomani na Ziwa la Ng'ombe ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa bandarini, wachuuzi, wavuvi na matopasi wa majumba hayo hayo. Penye jumba palikuwa na televisheni kwa kila familia. Kwetu Kongowea, televisheni moja ilikuwa ya nyumba kumi.

Yetu ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe. Eriali yake ilifungwa juu ya boriti ya mkoko nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hewa ya bahari haina huruma na chuma, iliota kutu kabla ya mwaka kuisha. Upepo wa kusi ulipovuma, picha ilijaa chenga, na mtoto mmoja akatumwa nje kuizungusha boriti huku waliokuwa ndani wakimpigia kelele: "Hapo hapo! Usiguse tena!" Nyumba zisizokuwa na umeme zilitumia betri ya gari, na baadaye, katika miaka ya 1990, televisheni ndogo za Kichina za Great Wall zikawa maarufu kwa sababu ziliweza kutumia betri hiyo.

Wageni walivua viatu mlangoni, wakatoa shikamoo, wakaingia. Wazee walikaa vitini, akina mama ukutani, na sisi watoto tukajazana mkekani mbele, karibu na kioo kiasi cha kukaripiwa kwamba tutaharibu macho.

Kwa nini kicheko hutaka mwenzi

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza watu wakicheka madukani, vyuoni na barabarani, aligundua kwamba mtu huelekea kucheka mara 30 zaidi akiwa pamoja na wenzake kuliko akiwa peke yake. Alibaini vilevile kwamba vicheko vingi vya kila siku havifuati mzaha wowote. Hufuata maneno ya kawaida kabisa. Kwake, kicheko kilikuwa kwanza ishara ya kuambiana "tuko pamoja", na mzaha ulikuwa kisingizio tu.

Mwaka 2011, Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watu waliotazama vichekesho. Waliocheka sana waliweza kustahimili maumivu zaidi baadaye kuliko waliotazama vipindi visivyochekesha. Watafiti walieleza kwamba huenda kicheko cha nguvu huufanya ubongo utoe kemikali ziitwazo endofini, ambazo hupunguza maumivu na kumfanya mtu ajisikie karibu na wale walio naye.

Waswahili hawakungoja maabara ili wayajue hayo. Kabla ya televisheni, jioni ilikuwa ya ngano. Mwenye kusimulia alianza kwa "Paukwa!" na wasikilizaji wakajibu "Pakawa!", maana hadithi isiyo na mwitikio ilihesabiwa kuwa haijaanza. Palikuwa na visa vya Abunuwasi na hila zake, na palikuwa na utani, ile desturi inayowaruhusu watu wa jamii fulani kutupiana maneno makali bila mtu kukasirika. Televisheni ilipoingia, iliwekwa mahali pale pale alipokuwa akikaa msimulizi, na familia ikaendelea kuitikia kama ilivyozoea. Kiswahili kinalo hata neno chale, kwa maana ya mtu mcheshi, neno ambalo wengi hulihusisha na jina la Charlie Chaplin.

Ngumbaru ya London

Miongoni mwa vipindi vya kigeni vilivyopendwa sana nchini ni Mind Your Language, kilichotengenezwa na kampuni ya LWT ya Uingereza kati ya 1977 na 1979. Kisa chake ni rahisi. Mwalimu Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza jioni jijini London, na wanafunzi wake ni watu wazima kutoka kila pembe ya dunia: Ali wa Pakistan, Ranjeet wa India, Giovanni wa Italia, Juan wa Uhispania, na wengineo. Kila mmoja analiponda neno la Kiingereza kwa namna yake, na mwalimu hubaki kushika kichwa.

Nyanya yetu hakujua Kiingereza. Hata hivyo, ndicho kipindi alichokipenda kuliko vyote, na alikipa jina lake mwenyewe: "ngumbaru ya Wazungu". Serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, na madarasa ya watu wazima, maarufu kama ngumbaru, yakaenea nchini. Nyanya alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Alipomwona mtu mzima mwenye masharubu akihangaika na kitabu cha watoto, aliona mwanadarasa mwenzake.

Mjomba wetu aliyefanya kazi bandarini ndiye aliyekuwa mfasiri. Kwa hiyo kicheko katika nyumba yetu kilikuja kwa mawimbi mawili. La kwanza lilikuwa la wale waliojua Kiingereza. Kisha kimya kifupi, mjomba akieleza upesi upesi kabla ya mzaha mwingine kufika, halafu wimbi la pili la akina nyanya, ambalo kwa kawaida ndilo lililokuwa kubwa. Mzaha uliojengwa juu ya neno la Kiingereza lenye maana mbili haufasiriki, na mjomba alilijua hilo. Aliuacha, akatunga wake wa Kiswahili unaofanana. Baadhi yetu tuligundua tukiwa watu wazima kwamba mizaha tuliyoipenda zaidi haikuwamo kabisa katika kipindi.

Hali ilikuwa hivyo pia kwa filamu za Kihindi zilizoingia majumbani kwa kanda za video. Katika Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977, Amitabh Bachchan anaigiza mlevi aliyeumia usoni, anayejitazama kiooni na kubandika bendeji kwenye kioo badala ya kuibandika usoni. Hapo hapakuhitaji mfasiri. Lakini palipohitajika, daima palikuwa na shangazi aliyejifunza Kihindi sinemani, na ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga.

Ufafanuzi huo uliziba pengo jingine. Sauti ya Kenya na baadaye KBC vilikuwa vyombo vya serikali, na vichekesho vyake viliwahusu walevi, wezi wa kuku, matapeli na wanandoa wanaogombana. Mkubwa hakuchekwa. Iliwapasa Wakenya wangoje hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la Redykyulass walipoanza kumwigiza Rais hadharani. Kabla ya hapo, mzaha kuhusu wakubwa ulifanywa na mzee wa nyumba, kwa sauti ya chini, akiunganisha kisa cha tapeli wa mahakamani na habari aliyoisikia kazini.

Lafudhi ni vazi

Vichekesho vyetu wenyewe vilikuwa na chumvi ya namna nyingine. Vitimbi ilimhusu Mzee Ojwang' Hatari na mkewe, Mama Kayai. Vioja Mahakamani ilikuwa kesi baada ya kesi mbele ya hakimu asiyecheka. Katika vipindi hivi viwili tuliwajua akina Masanduku arap Simiti, Othorong'ong'o Danger na Makokha. Ukiyasoma majina hayo tu, unaiona ramani ya Kenya. Kila mmoja alizungumza Kiswahili kilichobeba lugha ya mama yake, na hapo ndipo palipokuwa na kicheko.

Kwa mtazamaji wa Mombasa, mzaha huo ulikuwa na tabaka la ziada. Mhusika alipovuruga ngeli, watoto wa Pwani walicheka kwa kiburi kidogo, kama watu walioona mgeni akivaa kanzu nyuma mbele. Tulijiona wenye lugha.

Lakini ukweli ulikuwa mgumu zaidi. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kuusimamia usanifishaji huo ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita, lahaja ya mji wenyewe, kiliachwa nje ya darasa. Nyanya alisema "mato" kwa macho, na alipotaka tunyamaze alituambia tuache "kuteka", yaani kucheka. Mtoto aliyeyapeleka maneno hayo shuleni alirudi na alama nyekundu daftarini. Hivyo basi, sisi tuliomcheka Ojwang' kwa Kiswahili chake tulikuwa nasi tukisahihishwa kila asubuhi.

Jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa bandarini aliyetoka Nyanza, hakukosa kuja kutazama Vitimbi. Watoto walimtupia jicho kila Ojwang' aliposema neno, wakitaka kuona kama atakasirika. Hakukasirika. Alichokifanya ni kutikisa kichwa na kusema, "Huyu si Mjaluo. Mjaluo hasemi hivyo." Sisi tulidhani ni utani. Kumbe alikuwa sahihi: Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang', alikuwa Mkikuyu. Lafudhi iliyowachekesha Wakenya kwa miaka mingi ilikuwa vazi la kazi, kama kofia na miwani.

Siku moja mtoto alimwiga jirani yule mbele yake, kwa sauti ya Ojwang'. Nyanya hakupiga kelele. Alisema tu, "Mchekeni aliye kiooni. Aliye mkekani ni mwenzenu." Tofauti kati ya mzaha na dharau, ambayo vitabu vizima vimeandikwa kuieleza, ilikaa katika sentensi hizo mbili.

Kicheko kilipokoma

Tofauti hiyo haikuwa jambo dogo. Usiku wa Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kusini mwa kisiwa, wakawaua maafisa na kuiba silaha. Ghasia zilizofuata ziliwalenga watu kutoka bara. Vijikaratasi vya kuwataka waondoke vilisambazwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakakimbia makwao. Katika siku zile, namna mtu alivyotamka neno la Kiswahili haikuwa tena jambo la kuchekesha. Ilikuwa njia ya kumtambua.

Hofu hiyo ilifika upande wetu pia. Jirani yule aliifunga nyumba yake asubuhi moja, akapanda basi na familia yake. Alirejea baada ya miezi kadhaa, akachukua vyombo vyake, na hakukaa tena. Nyanya alimfungia mahamri ya njiani. Vitimbi iliendelea kuonyeshwa, lakini nyumbani kwetu hapakuwa na aliyetikisa kichwa na kusema kwamba Mjaluo hasemi hivyo.

Itakuwa kosa kudai kwamba vichekesho vilileta chuki hiyo. Iliandaliwa na siasa, na ikachochewa na malalamiko ya muda mrefu kuhusu ardhi na ajira. Itakuwa kosa vilevile kudai kwamba vichekesho vingeizuia. Mind Your Language yenyewe ilikatizwa mwaka 1979, Michael Grade wa LWT alipoona kwamba mizaha yake kuhusu mataifa mengine haifai. Kipindi kile kile kilichoonekana kuwa tusi London kilikuwa, katika chumba kimoja cha Kongowea, faraja ya mwanamke aliyekuwa akijifunza kusoma uzeeni. Mzaha wa lafudhi ni kama kisu cha jikoni: kazi yake hutegemea mkono unaokishika. Chumbani kwetu, mkono huo ulikuwa wa wazee.

Yaliyosalia

Mengi yamebadilika tangu siku hizo. Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analojia, na eriali za aina ya ile yetu ya boriti zikawa chuma chakavu. Mwaka huo huo, Julai 12, Mzee Ojwang' alifariki. Magazeti yalisimulia jinsi alivyosumbuliwa na macho katika miaka yake ya mwisho, na jinsi mashabiki walivyomchangia fedha za matibabu. Mtu aliyelichekesha taifa zima hakuondoka na mali ya kulingana na vicheko alivyovileta, na wengi wa rika lake hawakuwa na hali bora zaidi.

Kwa upande wa kumbukumbu, KBC imeweka baadhi ya vipindi vyake vya zamani katika YouTube. Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani mashirika mengine hayakujali. BBC, kwa mfano, ilifuta kanda nyingi za vichekesho vyake vya miaka ya 1960 ili kanda hizo zitumiwe tena, na leo hulazimika kuzitafuta nakala majumbani mwa watu.

Lakini kanda peke yake haitoshi. Mpe mtoto wa leo kipande cha Vioja Mahakamani katika simu, atakitazama kwa dakika mbili na kukurudishia. Picha ni hafifu, mwendo ni wa pole, na mizaha inahusu senti, vibanda na sheria ambazo hazipo tena. Si kwamba hana ucheshi. Hana aliyekaa kando yake kumwambia kwa nini mshtakiwa yule alikuwa akitetemeka alipotajiwa chifu, chang'aa ilikuwa na maana gani katika familia, na kwa nini nyanya yake angecheka hapo hadi machozi yakamtoka.

Ufafanuzi huo haujahifadhiwa na KBC wala na YouTube. Umo vichwani mwa watu ambao sasa wana umri wa miaka 60, 70 na 80, na ambao kila mwaka wanapungua. Gharama ya kuupata ni ndogo: jioni moja, kipindi kimoja cha zamani, simu au televisheni, na mzee mmoja aliyepewa kiti cha mbele. Kisha aulizwe maswali. Anayeuliza anaweza pia kurekodi majibu kwa simu ile ile, maana mara nyingi yatakuwa na thamani kubwa kuliko kipindi chenyewe.

Na akicheka mahali ambapo wengine hawaoni cha kuchekesha, hapo ndipo pa kusimamisha picha na kumuuliza sababu.